Mwenzako Anataka Mhamie Botini: Mwongozo kwa Mke au Mume Anayemuunga Mkono

Kila tunapofunga kamba kwenye mwalo mpya, yaani kituo cha boti ufukweni, siku haiishi kabla dada mmoja hajanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: mnalala wapi, choo mnakwenda wapi, watoto je, na wewe ulikubalije? Wanaume nao huuliza, hasa wale ambao mke ndiye mwenye biashara ya dagaa na ndiye anayetaka boti yenye kibanda. Maswali ni yale yale Kasenyi, Ggaba, Kiyindi, hadi visiwani Kalangala. Kwa mdomo nimeyajibu mara nyingi. Hapa nayajibu kwa maandishi, hatua kwa hatua.

Mwongozo huu si wa mwenye ndoto ya boti. Huyo atapata wa kumfundisha mashine, mbao na mafuta, na mara nyingi ameshapata. Huu ni wako wewe mwenzake, unayefuata kwa sababu unampenda, au kwa sababu hesabu za nyumbani zinasema kodi ya Kampala haiwezekani tena. Watu husema mwenzi mzuri wa botini ni yule asiyelalamika. Mimi nasema ni yule anayeweza kuifikisha boti mwaloni peke yake, na ambaye akisema "leo hatuondoki," nanga haing'olewi. Yote ninayoandika hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo.

Ninazungumzia Ziwa Victoria upande wa Uganda, na boti ya mbao yenye kibanda katikati na mashine ya kufunga nyuma. Uingereza na Uholanzi wako watu wengi wanaoishi kwenye boti za mifereji, zimefungwa gatini, umeme na maji vinawafikia hapo hapo. Kwetu ni ziwa la karibu kilomita za mraba 68,800, na unachokihitaji unakibeba mwenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jaketi okozi kwa kila mtu, la kimo na uzito wake. Jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto kichwani akianguka majini.
- Nanga mbili, kamba ndefu, na mita chache za mnyororo kati ya kamba na nanga.
- Makasia mawili yanayofika majini ukiwa umekaa. Yajaribu kabla hujalipa.
- Ndoo mbili za kutolea ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, hata kama mna pampu.
- Simu mbili zenye laini za mitandao tofauti, ndani ya mfuko usioingiza maji. Kuna kisiwa ambako mtandao mmoja unashika na mwingine hauna habari.
- Dira, filimbi, na tochi ya kichwa kwa kila mtu mzima.
- Kizimamoto cha unga.
- Chandarua kinachotosha kitanda chenu cha botini. Cha nyumbani mara nyingi ni kikubwa mno na huburuta sakafuni.
- Sanduku la dawa: za homa, za kuharisha pamoja na chumvi za kuchanganya na maji, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, na vipimo vya malaria vya haraka kama mwaloni hakuna kituo cha afya.
- Pesa yako mwenyewe ya dharura kwenye simu yako. Nitaeleza baadaye kwa nini ninasema yako.
- Mtu mmoja nchi kavu anayejua mko wapi kila siku.

Hatua ya 1: Sema masharti yako kabla pesa haijatoka

Kaeni wawili, simu zikiwa mbali, mzungumze mambo matatu: mtakaa botini muda gani kabla ya kupima upya, watoto watasoma wapi, na mkishindwa mtarudi wapi. Yaandikeni. Kama mazungumzo yanakwama, mwite ssenga (shangazi), au mzee ambaye nyote wawili mnamheshimu. Jambo hili ni kubwa kama kuhama wilaya, kwa hiyo kuhitaji mtu wa tatu si aibu.

Muda uwe na alama inayoonekana. "Tutaona" haina maana yoyote. Afadhali "tutakaa mpaka mvua za Machi hadi Mei ziishe, kisha tutakaa chini tena."

Kosa la kawaida hapa ni kujibu "sawa, kama wewe unataka." Jibu hilo si kukubali, ni deni, na utalidai siku moja mkiwa katikati ya maji. Kama moyo wako haujakubali, sema leo. Fundi wa boti hajaanza kupasua mbao.

Hatua ya 2: Laleni majaribio msimu wa mvua

Usiku wenye nyota na ziwa tulivu humdanganya kila mtu. Azimeni au mkodishe boti yenye kibanda, mlale mkiwa mmetia nanga kwenye ghuba iliyokingwa, ndani ya miezi ya Machi hadi Mei au Septemba hadi Desemba. Muwe wawili tu, watoto mtawaleta baadaye.

Usiku huo pima mambo haya: kibanda kinavuja wapi, tumbo lako linavumilia kiasi gani cha kuyumba, na je, unaweza kupata usingizi boti ikivuta kamba ya nanga. Asubuhi pikeni chai na mkunje matandiko. Nusu ya maisha ya botini ni kukunja na kukunjua, na mtu anayechukia kazi hiyo ni bora ajijue mapema.

Hatua ya 3: Jifunze boti hadi uiendeshe mwenyewe

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Wengi wetu tulipelekwa botini kama mizigo: kaa hapo, shika hapo, usiguse. Kwenye baadhi ya mialo bado utasikia kwamba mwanamke hapandi mtumbwini, ataleta mkosi. Mkosi halisi ni mwenzako kupata degedege, kiharusi au kuanguka majini, na wewe hujui hata mashine inawashwaje. Mwambie hivyo wazi. Akikupenda atakufundisha. Akikosa subira, tafuta nahodha mzoefu wa mwaloni umlipe akufundishe, kwa sababu kufundishwa na mume au mke kuna ugumu wake.

Jifunze mambo matano, kwa mpangilio huu:

*Kuwasha na kuzima mashine.* Fungua tundu la hewa la tangi. Bonyeza mpira wa kusukumia mafuta mpaka uwe mgumu. Gia iwe nyutro. Funga kamba ya kuzimia mashine mkononi mwako, ili ukianguka mashine ijizime. Vuta choki kama mashine ni baridi, kisha vuta kamba ya kuwashia. Ikiwaka, tazama nyuma: lazima kuwe na mchirizi wa maji unaotoka kwenye mashine. Mchirizi ukikatika, zima mara moja. Mara nyingi magugu maji au mfuko wa plastiki umeziba mahali maji yanapoingilia. Ukiendelea kuendesha, utaiunguza.

*Kutia nanga.* Nanga hushushwa kutoka omoni, yaani mbele. Ukitia nanga kwa nyuma, mawimbi yatapanda tezi, yaani nyuma ya boti, na kuijaza, na boti nyingi ndogo huzama hivyo. Urefu wa kamba uwe mara tano hadi saba ya kina cha maji: kwenye mita 6, toa mita 30 hadi 42. Shusha taratibu boti ikirudi nyuma, kisha ivute kwa mashine mpaka nanga ishike. Halafu chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na paa la bati nyuma yake. Vikianza kuachana, nanga inaburuta.

*Kushika usukani kwa dira.* Ukungu na mvua vikishuka, visiwa vya Ssese, ambavyo ni 84, hufutika vyote kwa pamoja. Andika kwenye ubao mdogo karibu na usukani nyuzi za dira za safari zenu za kawaida, za kwenda na za kurudi, na muda wa kila moja. Siku ya jua zuri, endesha kwa ubao huo tu huku mwenzako akinyamaza.

*Kumwokoa aliyeanguka.* Piga kelele, tupa boya au dumu tupu lililofungwa, na umwelekezee kidole bila kuacha kumtazama. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea haraka sana. Geuza boti, mkaribie polepole ukielekea upepo, na uzime mashine kabla hajafika karibu na propela. Kumpandisha ndiko kugumu. Mtu mwenye nguo zilizolowa ni mzito kuliko unavyodhani, kwa hiyo fungeni ngazi ya kamba ubavuni tangu mwanzo. Zoezi hili lifanyeni kwa dumu la maji mpaka wewe uweze peke yako, ukianza kwenye usukani, ukimaliza na dumu mkononi.

*Kuomba msaada.* Namba za dharura Uganda ni 999 na 112. Pata pia namba ya polisi wa majini walio karibu na mwalo wenu, na ya nahodha mmoja unayemwamini. Zoea kusema mko wapi kwa maneno mafupi: kisiwa gani, upande gani wake, umbali gani, watu wangapi.

Hatua ya 4: Kubalianeni kwamba mmoja akikataa safari, safari haipo

Sharti hili halina mjadala siku ya safari. Mjadala mtaufanya mkifika, au kesho yake. Mmoja akisema "Baba Junior, leo hapana," jibu ni "sawa," hata kama mzigo wa mteja unasubiri. Na wewe ukipewa haki hii, itumie kwa uaminifu. Usikatae safari kwa sababu mmegombana jana.

Ili neno lako liwe na uzito, lijue ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka pande zote za nchi kuelekea ziwani, hukutana katikati na kupanda juu, na hapo ndipo radi na dhoruba huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati wavuvi wengi wako kazini. Miezi ya Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini upepo wa kusini mashariki husukuma mawimbi moja kwa moja kwenye fukwe zinazoutazama.

Desturi ninayokushauri: msiondoke gizani. Subirini saa moja au saa mbili asubuhi, muone anga yote, muangalie utabiri wa hali ya hewa, muulize waliotoka ziwani usiku huo wameona nini. Dalili za kukataa ni ukuta mweusi wa mawingu unaokua, upepo kukata ghafla kisha baridi kupita, na radi. Ukiona mwanga wa radi hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawanye kwa tatu, utapata kilomita. Zikipungua, inawajia.

Onyo la mzigo linakwenda pamoja na hili. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Ufuko ulikuwa unaonekana. Mwenzi wa kweli ndiye anayesema "huyo mmoja zaidi hapandi," hata kama ni shemeji. Na jaketi huvaliwa mkiwa bado mwaloni. Hakuna anayeweza kulifunga boti ikishalala ubavu.

Hatua ya 5: Gawaneni zamu, kisha mbadilishane

Kazi za kila siku botini ni hizi: kutoa ngama asubuhi na jioni, kukagua kamba na nanga, mafuta, maji, kupika, choo, kufua, na kuangalia mbao. Mara nyingi mmoja hujikuta amebaki na jiko, choo na watoto, mwingine na mashine na anga. Kwenye nyumba ya nchi kavu mgawanyo huo unachosha tu. Botini una hatari, kwa sababu anayebaki jikoni hasikii mashine ikibadilisha sauti.

Badilishaneni kila wiki. Anayeshika mashine wiki hii ashike jiko wiki ijayo. Mwenzako atapika vibaya mwanzoni na wewe utagonga gati. Vyote vinarekebishika.

Kutoa ngama nako kuna elimu. Pima kwa ndoo. Boti inayotoa ndoo mbili kila asubuhi ikianza kutoa tano, kuna ubao umefunguka au pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, imetoka. Atakayegundua kwanza ni yule anayehesabu ndoo.

Hatua ya 6: Maji, choo na kichocho

Ziwa hili lina kichocho cha tumbo. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi, kwenye mafunjo na magugu, na vijidudu hutoka kwao zaidi jua likiwa kali. Kwa hiyo msifue wala kuoga ukingoni. Chota maji mbali na ufuko, uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili, ndipo uyaogee, maana vijidudu hivyo havimalizi siku mbili bila kumpata mtu. Maji hayo bado si ya kunywa. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote, kila mara, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo havingoji siku mbili. Nendeni kituo cha afya mkapimwe kichocho, na mkipewa prazikwanteli mezeni kipimo chote mlichopewa baada ya kula.

Choo: ndoo imara yenye kiti na mfuniko, na vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala. Kila baada ya kutumia, funika kwa vumbi. Mkojo uende chombo chake, ndipo harufu itakapokwisha. Ndoo ikijaa hupelekwa kwenye choo cha shimo mwaloni. Msimwage ziwani hata usiku, kwa sababu kuna mtoto wa mwalo mwingine atakayechota maji hayo kesho. Muombeni ruhusa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kutumia choo cha kijiji. Heshima hiyo ndogo huwafungulieni milango mingi.

Hatua ya 7: Moto

Jiko la gesi ni zuri, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini kabisa ya boti, kwenye ngama, na kukaa huko ikingoja cheche. Mvuke wa petroli hufanya hivyo hivyo. Mtungi ukae nje, juu, mahali penye upepo, na ufungwe kila baada ya kupika. Sigiri ya makaa ipikiwe nje tu, juu ya bati lenye mchanga. Usiiingize kibandani usiku wa mvua ili mpate joto. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 8: Umeme wa jua

Kwa ufupi: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hukupa kama wati-saa 600 za kutumia bila kuiua, yaani nusu ya ilichonacho. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Simu ni kidogo. Jokofu dogo ndilo linalomaliza yote, kwa hiyo anzeni bila hilo. Mtu mmoja awe na daftari la betri. Kama mwenzako ni wa kuacha taa zinawaka, daftari libaki kwako.

Hatua ya 9: Karatasi na pesa

Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inataka chombo kisajiliwe na kikaguliwe. Mwaka 2017 wanajeshi wa kulinda uvuvi walianza kuzunguka ziwani wakikagua vyombo, na boti yenye nyavu zisizoruhusiwa au samaki wachanga haisikilizwi maelezo. Hata kama nyinyi si wavuvi, msikubali kubebeana mizigo ya mtu msiyoiona ndani.

Jina lako liwe kwenye makubaliano ya mauzo ya boti, pamoja na la mwenzako, mbele ya mashahidi. Kama nyumba mliuza au akiba yako iliingia humo, usione haya kudai hilo. Na ile pesa ya dharura ya kwenye simu yako itoshe nauli ya kurudi kwenu na siku chache za chakula. Mtu anayejua anaweza kuondoka hukaa kwa kupenda, na maneno yake yanasikilizwa zaidi.

Hatua ya 10: Weka mguu mmoja nchi kavu

Chagueni mwalo mmoja wa kwenu, ambako duka linawajua, kituo cha afya kina daftari lenu, na mna msikiti au kanisa. Boti hukata watu na jamaa zao polepole. Harusi ya kwanza mnaikosa kwa sababu ya upepo, ya pili kwa uchovu, ya tatu hamuitwi. Panga siku za kwenda kwa mama mkwe na kwa wazazi wako, uziheshimu kama siku ya mafuta. Na uwe na rafiki wako mwenyewe mwaloni, wa kukaa naye bila kuzungumzia mashine.

Hatua ya 11: Jueni jinsi ya kugombana

Kibanda kina hatua nne. Hakuna chumba cha kununia. Wekeni utaratibu: hakuna ugomvi mashine ikiwa inawaka, wala wakati wa kutia nanga, ambapo wengi hupigiana kelele kwa sababu ya upepo kisha wakachukulia kelele hizo kuwa matusi. Tumieni ishara za mikono kwa nanga: mbele, nyuma, simama, toa kamba. Mmoja akihitaji upweke, akae omoni, mwingine tezini, na asifuatwe mpaka ageuke mwenyewe.

Shida zinazojirudia na la kufanya

*Natapika kila safari.* Kaa katikati ya boti, nje, tazama mwambao wa mbali, usisome simu. Kula kidogo, tangawizi husaidia baadhi ya watu. Kushika usukani husaidia zaidi, kwa sababu mwili unajua mapema boti inakoelekea. Wengi huzoea. Kama hujazoea baada ya msimu mzima, rudi kwenye masharti ya Hatua ya 1.

*Mashine haiwaki.* Kabla ya kuita fundi: kamba ya kuzimia imekaa mahali pake? Gia iko nyutro? Tundu la tangi liko wazi? Mpira wa mafuta ni mgumu? Kuna maji kwenye petroli? Ndipo utazame plagi. Tia nanga kwanza, ukague baadaye. Boti isiyo na mashine haisubiri ufikirie.

*Wadudu wa ziwa wamefunika kila kitu.* Wale wanaoonekana kama moshi juu ya maji hawaumi. Zima taa zote, funika chakula na maji, funga kibanda, acha taa moja ikiwaka mbali na mlango. Asubuhi fagia kabla hawajalowa.

*Viboko karibu na tulipofunga.* Hamisha boti mchana, kabla jua halijazama. Ghuba zenye mafunjo mengi zina utulivu, lakini zina viboko, mbu na konokono kwa pamoja. Mamba nao wapo, kwa hiyo mtoto asining'inize miguu majini.

*Mtoto anatembea sasa.* Jaketi avae wakati wote akiwa nje ya kibanda, bila kusamehewa dakika moja. Zungusha wavu ubavuni mwote. Mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye anayemwangalia saa hiyo. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia.

*Mwenzangu haheshimu neno langu la kukataa safari.* Mara ya kwanza zungumzeni mkiwa mmefunga. Mara ya pili shuka na watoto mwaloni, umwambie kwa upole mtamfuata kwa feri au kwa barabara. Kufika Bugala, kisiwa kikubwa zaidi cha Ssese, kuna feri kutoka Nakiwogo, Entebbe, na kuna ya Bukakata hadi Luku. Huko si kumwacha. Ni kutimiza mlichoandika.

*Nimejaribu, sitaki tena.* Sema, na mpe tarehe. Usingoje uchukie na yeye pia. Boti ya mbao haiuziki kwa wiki moja, na ikiachwa juani ufukweni mbao hukauka, viungo vikaachana. Iacheni majini kwenye ghuba iliyokingwa au chini ya kivuli cha makuti, mashine muipeleke nyumbani, na mtafute mtu wa mwaloni wa kutoa ngama kila siku mbili. Mlipeni kila wiki, msingoje mwisho wa mwezi.